Jalada liko kwa nani? Shajara ya mradi wa masjala

Februari, mwanzoni

Halmashauri yetu imepewa hadi Septemba kuipanga upya masjala, yaani ofisi inayotunza majalada (mafaili) na barua zetu. Kwenye andiko la mradi kazi ni tatu: kuhesabu majalada yote, kuyapanga kwa mfumo wa maneno muhimu (kila jalada kuitwa kwa neno la mada yake), na kuandaa kumbukumbu zitakazoingia kwenye e-Ofisi, mfumo wa majalada ya kielektroniki. Fedha iliyotengwa ni ya reki za chuma, makasha, skana na kompyuta. Mimi ndiye mratibu. Naandika shajara hii kwa ajili ya wenzangu watakaokabidhiwa kazi kama hii kwingine, maana fomu ya ripoti ya robo mwaka haina mahali pa kuandika haya.

Tangu Jumatatu nimekaa masjala nikitazama tu kazi inavyokwenda. Reki za zamani zina nafasi tele. Zina nafasi kwa sababu majalada hayapo. Msomaji (ndivyo tunavyowaita maofisa wanaoomba majalada) anakuja na namba, mhudumu anakwenda kwenye reki, anarudi mikono mitupu, anafungua rejista ya mzunguko na kusoma: lilitoka mwaka 2019, lilikwenda idara ya Ardhi, aliyelisaini ameshahamia mkoa mwingine. Msomaji anaambiwa aende Ardhi "akaulizie". Akifika Ardhi anaambiwa arudi masjala.

Reki mpya hazitalirudisha jalada hilo, na skana haiwezi kupiga picha karatasi isiyokuwapo. Nimemweleza Afisa Utumishi kwamba kabla ya kununua chochote nataka kwanza tujue majalada yako wapi na kwa nini yamekaa huko. Amekubali, ingawa ameniuliza ripoti ya matumizi ya fedha ya robo hii itasomekaje.

Februari, wiki iliyofuata

Leo amefika mwalimu mstaafu kufuatilia mafao. Tumesalimiana, nikampa kiti, akatoa bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye kona. Kinachomkwamisha ni barua moja tu, ya kuthibitishwa kazini. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, haulipi kwa maneno ya mdomo. Historia ya ajira lazima iwe na barua zake.

Jalada lake binafsi tumelipata haraka. Folio (karatasi za jaladani zenye namba) zinakwenda sawa hadi ya 11, kisha inafuata ya 14. Folio ya 12 na ya 13 zimechomolewa. Sioni dalili ya hila. Aliyezichomoa, nadhani, alikuwa anakwenda kutoa nakala, akaitwa kikaoni, karatasi zikabaki kwenye trei ya mashine au chini ya daftari lake. Kitendo cha dakika moja, na mzee wa watu anapanda basi kila mwezi kuja kuulizia.

Nimeandika barua kwenye shule aliyoanzia kazi, kwa sababu walimu wakuu wa zamani walikuwa na desturi ya kuweka nakala. Kama wanayo, tutairudisha jaladani na kuipa namba yake ile ile.

Kuanzia leo, nikiulizwa mradi huu ni wa nini, nitamtaja mwalimu huyu. Wapo wanaodhani utunzaji wa kumbukumbu ni usafi wa ofisi. Ni mshahara wa mtu, kiwanja cha mtu, na uzee wa mtu.

Februari, mwishoni

Sensa ya majalada imeanza. Tunapita ofisi kwa ofisi na rejista mkononi, tunaandika kila jalada tunaloliona na mahali lilipo. Tumekubaliana mapema kwamba hatumnyang'anyi mtu jalada wala hatuulizi kwa sauti ya polisi. Tunaandika tu, kisha tunauliza: hili linakaa hapa kwa nini?

Majalada tumeyakuta juu ya makabati, ndani ya droo zilizofungwa kwa kufuli, chini ya meza yakiwa yamewekwa miguu juu yake, kwenye buti la gari la idara. Mengine yako nyumbani kwa watu, na wenyewe wametuambia bila kuficha. Nilitarajia aibu. Nimekuta hoja, tena hoja nzito.

Fundi mkuu wa idara moja alinijibu: "Kaka, nikilirudisha leo, kesho nikiliomba nitaambiwa halionekani. Hapa ninalo."

Mhasibu mmoja, mtu makini sana, ana kabati zima la nakala za hati za malipo. Kila hati iliyopita mikononi mwake ameitolea nakala. Sababu yake ni wakaguzi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutaja mara kwa mara hati za malipo zisizo na viambatisho, na hoja ikishaandikwa, anayetafutwa kwanza ni aliyeandaa malipo. "Masjala haitasimama mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa kunitetea," alisema. "Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu ni hili kabati."

Ofisi nyingine jibu lilikuwa kimya. Afisa aliyekaa na majalada ya idara nzima hakutaka tuyaguse wala tuyahesabu. Wenzake walituambia pembeni kwamba kila mgeni anayefika lazima apitie kwake, kwa sababu ni yeye peke yake mwenye karatasi. Bila zile karatasi, angekuwa ofisa kama wengine.

Kwa hiyo tabia ni moja, kukaa na jalada, lakini mzizi wake si mmoja. Wengi wanakaa nalo kwa sababu hawaiamini masjala. Wachache wanakaa nalo kwa sababu linawapa nguvu. Kuwaita wote wazembe ni kukosa shabaha. Na hapa pana mzunguko mbaya: kadiri watu wasivyoiamini masjala ndivyo wanavyokaa na majalada, na kadiri wanavyokaa na majalada ndivyo masjala inavyokosa cha kumpa anayeomba, na hivyo inazidi kutoaminika. Anayetaka kuukata mzunguko huu hana budi kuanzia upande wa masjala, maana huyo fundi mkuu hatarudisha chochote kwa kuombwa.

Machi

Sasa niandike juu ya masjala yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Katika ofisi nyingi za umma kauli "amepelekwa masjala" ina maana ya adhabu. Dereva aliyegongesha gari, karani aliyekosana na mkuu wake, mtu aliyerudi kutoka likizo ndefu ya ugonjwa na nafasi yake ikawa imechukuliwa, wote huishia huko. Chumba chetu kiko mwisho wa korido, karibu na stoo, dirisha lake halifunguki. Katika wahudumu tulio nao, wenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu kutoka Chuo cha Utumishi wa Umma ni wachache, nao ndio wadogo kwa umri, kwa hiyo sauti yao haisikiki. Mtu anayejua kwamba ameletwa mahali kama adhabu atafanya kazi ya adhabu. Atapokea barua, atagonga muhuri, atasubiri saa tisa na nusu.

Halafu kuna Mama. Wote tunamwita hivyo, hata Mkurugenzi. Yuko masjala tangu enzi za mashine za taipu, na jalada ambalo rejista imelishindwa, yeye anakwenda moja kwa moja mahali lilipo. Anajua kwamba jalada la mnada wa mifugo limo ndani ya jalada la afya kwa sababu mwaka fulani ofisa mmoja alishughulikia yote mawili. Anajua nani alikuwa na desturi ya kuandika dokezo upande wa nyuma wa karatasi. Akiugua malaria, halmashauri inasimama hadi apone.

Nilipomwonyesha lebo mpya na orodha ya maneno muhimu, alisoma yote kwa utulivu, akaniambia: "Mwanangu, hizi lebo ni za mtu asiyejua. Mimi najua."

Siku kadhaa nilikuwa nikimfikiria. Mtu aliyebeba ofisi kichwani kwa miaka yote hiyo, bila kupandishwa hadhi wala kuitwa kikaoni hata mara moja, ana kitu kimoja tu kinachomfanya aheshimiwe, nacho ni kwamba bila yeye jalada halipatikani. Sisi tumekuja na orodha itakayomfanya yeyote alipate. Tumekuja kumwondolea heshima aliyojijengea mwenyewe, na hatujampa nyingine badala yake. Nani angepokea kwa furaha?

Nimeomba mambo mawili kwa Afisa Utumishi na yamekubaliwa. La kwanza, Mama ahudhurie vikao vya menejimenti pale ajenda inapogusa kumbukumbu, akae mezani na si kwenye kiti cha ukutani. La pili, orodha ya maneno muhimu isipitishwe hadi aikague na kuisahihisha, na jina la cheo chake liandikwe kwenye ukurasa wa mbele kama mhakiki. Kijana mmoja mwenye stashahada anakaa naye kila mchana, anaandika anayosema. Kila kona ya chumba ina historia yake, na sasa historia hiyo inaanza kuwa na maandishi.

Machi, mwishoni

Menejimenti imetoa waraka wa onyo: kila mwenye jalada alirudishe ndani ya wiki moja, atakayekaidi atachukuliwa hatua za kinidhamu.

Sensa ya wiki hii imetupa majalada machache kuliko ya wiki iliyopita. Yaliyokuwa juu ya makabati hayako tena juu ya makabati. Hayakurudi masjala pia. Watu wameyaficha vizuri zaidi, na mtu mmoja aliyetuonyesha jalada mwezi uliopita kwa nia njema sasa anasema hajawahi kuliona.

Woga huu una sababu ambayo watumishi wanaikumbuka vizuri. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki ikitaja watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, baada ya zoezi la watumishi hewa la mwaka uliotangulia. Uhakiki ule ulikuwa na haki yake, maana mwenye cheti cha kughushi alikuwa amekalia nafasi ya mwenye cheti halali. Lakini hata waliokuwa na vyeti halali walipita kipindi kile wakihangaika na herufi moja iliyotofautiana kwenye jina, wakatambua kwamba jalada ambalo halikuwahi kufunguliwa linaweza kufunguliwa siku moja na kumuuliza mtu maswali. Tangu hapo, katika ofisi yetu, karibu kila mtumishi ana bahasha yake nyumbani. Ukiongeza onyo juu ya woga, unapata droo mbili zilizofungwa badala ya moja.

Nimeomba waraka ule usifuatiliwe. Haujafutwa, ila haufuatiliwi.

Machi, Jumamosi ya mwisho

Siku ya usafi. Nyuma ya jengo nimekuta rundo la karatasi likisubiri kiberiti: rejista za zamani za barua, mihtasari ya vikao vya kata, ramani mbili za viwanja. Aliyeagiza zichomwe alikuwa na nia ya kusafisha ofisi yake, na ofisi yake kweli inang'aa.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu ya umma iteketezwe bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Wala kisichohitajika leo si takataka, kwa kuwa nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, na mihtasari ile ya kata ndiyo itakayomwambia mjukuu wa mtu kwa nini kisima kilichimbwa upande ule wa kijiji. Tumeliokoa rundo lote. Tumekubaliana na wahudumu wa usafi: karatasi yoyote yenye muhuri au saini isiguswe hadi masjala iione.

Aprili

Mwezi huu tumefuatilia barua badala ya majalada. Tumechukua barua zilizoingia kutoka mkoani na wizarani, tukaangalia kila moja ilipita wapi hadi kujibiwa.

Barua inapigwa picha kwa simu kabla haijafika kwa Mkurugenzi, picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa idara, mjadala unafanyika humo, maelekezo yanatolewa kwa sauti iliyorekodiwa, kazi inafanyika. Barua yenyewe inafika masjala baada ya wiki kadhaa, au haifiki kabisa. Jaladani hakuna dokezo linaloonyesha nani alishauri nini na nani aliamua. Uamuzi umo kwenye simu za watu, na simu ikianguka majini uamuzi umekwenda nayo.

Lawama yote nikiitupia simu nitakuwa nadanganya. WhatsApp imeshinda kwa sababu ina kasi ambayo masjala haijawahi kuwa nayo. Jalada likitoka kwetu kwenda ghorofa ya pili linaweza kuchukua siku tatu. Ofisa mwenye kazi ya kujibu mkoani kesho asubuhi afanye nini?

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaitilii maanani. Katika makundi hayo nimeona picha za barua za nidhamu za watumishi, fomu za likizo ya ugonjwa, namba za akaunti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini mazoea hayajui tarehe. Wakati huo huo, ofisi hizo hizo zinapiga muhuri wa SIRI kwenye ratiba ya kikao cha maji, na mwananchi akija kuomba nakala ya muhtasari anarudishwa mlangoni, ilhali Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa haki ya kuomba na kujibiwa. Cha kufichwa kiko wazi kwenye simu, cha wazi kimefungiwa kabatini. Hili linaniumiza kuliko rundo la karatasi.

Nimekwenda kuzungumza na Mkurugenzi uso kwa uso. Sikumpelekea takwimu. Nilimpelekea barua kumi zilizokuwa mezani kwake, kila moja ikiwa na maelekezo yake aliyoyaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, hakuna hata moja iliyokuwa ndani ya jalada. Alizitazama, akaniuliza, "Kwa hiyo na mimi ni mmoja wao?" Nilimjibu kwamba ofisi nzima inamtazama yeye, na akiandika pembeni ya barua, wote wataandika pembeni ya barua.

Mei

Mkurugenzi ametoa agizo moja, tena kwa mdomo kwa sekretari wake: barua isiyo ndani ya jalada isiletwe mezani. Inarudi masjala hata kama ni ya haraka. Siku za kwanza zilikuwa ngumu, wakuu wa idara walilalamika, mmoja alikuja masjala kwa hasira akidai tunachelewesha fedha za mradi. Mkurugenzi hakurudi nyuma.

Sisi tulijua agizo hilo lingetuua kama tusingekuwa tumejiandaa, kwa hiyo kabla halijatoka tulibadilisha utaratibu wetu. Masjala sasa inafunguliwa kabla ya saa moja na nusu, barua zote za jana zinakuwa zimefunguliwa na kuwekwa jaladani kabla maofisa hawajamaliza chai. Mhudumu anazunguka na kitabu cha dispachi asubuhi na mchana, anapeleka na kuchukua. Kila jalada linapotoka, mahali pake kwenye reki panabaki kadi inayosema liko kwa nani na tangu lini. Anayeomba jalada ambalo liko kwa mwenzake haambiwi akaulizie. Masjala inalifuata, ndiyo kazi yake.

Fundi mkuu yule wa Februari alikuja kuomba jalada la barabara ya kata ya mbali, nadhani alikuja kutupima. Alipewa akiwa bado amesimama. Akaomba la pili. Akapewa. Wiki iliyofuata alituma kijana na majalada mawili kutoka chini ya meza yake. Hakusema kitu, na sisi tuliyapokea, tukayaandika, tukamshukuru.

Hivi ndivyo yanavyorudi, mawili mawili, mtu akishaona kwamba jalada lililoko masjala linapatikana haraka kuliko lililoko kwenye droo yake.

Juni

Mwezi wa kufunga mwaka wa fedha, kila mtu anakimbizana na malipo, kwa hiyo mradi umetembea polepole. Mambo mawili tu ya kuandika.

Uhamisho. Maofisa watatu wamehama na wameondoka na vichwa vyao. Mmoja alikuwa akitunza orodha ya wakandarasi kwenye kompyuta yake binafsi. Tumepata kibali kwamba anayehama hatapewa barua ya kuruhusiwa kuondoka kabla masjala haijasaini taarifa yake ya makabidhiano. Taarifa yenyewe ni ya ukurasa mmoja: majalada uliyonayo, kazi zilizo katikati, mafaili ya kompyuta na mahali yalipo, watu unaowasiliana nao kwa kila kazi.

Maneno muhimu. Idara ya Kilimo inaita "pembejeo" kile ambacho Manunuzi wanakiita "vifaa", na kila upande unataka neno lake. Mama ndiye aliyeamua. Alisema jalada liitwe kwa jina ambalo mwananchi anayelifuata angelitaja. Nimeona wakuu wa idara wawili wakiandika aliyoyasema.

Julai

Mafunzo ya e-Ofisi. Watu wengi wameelewa haraka, hasa vijana. Ninachokiona ni kwamba mazoea ya karatasi yanahamia kwenye mfumo yakiwa mazima kabisa. Mkuu mmoja amempa sekretari nywila yake "anisaidie kufungua", ina maana kwamba maamuzi yatasomeka kuwa ni yake wakati aliyebonyeza ni mwingine. Wengine wanapakua waraka, wanautuma WhatsApp, wanajadili huko, kisha wanarudi kuandika "Imeonekana" kwenye mfumo. Mfumo unatunza kila alama ya mtu aliyegusa jalada, lakini hauwezi kutunza fikra ambayo haikuandikwa humo.

Tumekubaliana tusiingize skani za majalada yote. Tutaanza na majalada hai ambayo yameshakaguliwa folio kwa folio. Kuna shinikizo la kuskani kila kitu haraka ili ripoti ionekane nzuri. Nimelipinga kwa maandishi, jaladani, na Mkurugenzi ameandika chini yake kwamba anakubali. Jalada lenye folio zilizochomolewa likiskaniwa linabaki kuwa jalada lenye folio zilizochomolewa.

Barua ya mwalimu mstaafu imepatikana. Shule ilikuwa na nakala. Tumeigonga muhuri wa nakala halisi na kuipeleka kunakohusika.

Agosti

Wakaguzi wamefika kwa hesabu za mwaka ulioisha Juni. Wanaomba hati za malipo na mikataba, na kwa mara ya kwanza maombi yao yanaletwa masjala badala ya kutawanywa kwa wahasibu. Kwa idara zilizokwisha kurudisha majalada, wakaguzi wanajibiwa siku hiyo hiyo. Ardhi bado inatafuta. Yule afisa mwenye majalada ya idara nzima alikuwa safarini, kabati limefungwa, ufunguo anao yeye, na wakaguzi wamesubiri.

Sikufurahi kuona wakisubiri, lakini jambo hilo limeonekana na watu ambao sisi hatukuweza kuwaonyesha. Mkuu wa idara hiyo amekuja mwenyewe kuuliza sensa ya ofisi yake inaweza kufanyika lini. Tumempangia wiki inayofuata, na tumemwomba afisa huyo awe sehemu ya timu, kwa sababu anajua yaliyomo ndani ya yale majalada na ujuzi huo tunauhitaji. Kama Mama, anahitaji mahali pa kuheshimiwa pasipotegemea kufuli.

Mhasibu wa kabati la nakala bado anatoa nakala. Ila sasa anatoa za malipo makubwa tu. Nimemwambia aendelee hadi aone mwenyewe hana haja.

Septemba

Muda wa mradi umekwisha na hali iko hivi. Majalada ya Ujenzi, Elimu na Utawala yako kwenye reki au yana kadi inayosema yako kwa nani. Ardhi iko katikati. Afya hatujamaliza kwa sababu kumbukumbu za wagonjwa zina utaratibu wake na zinahitaji mradi wao. Masjala ya siri haijaguswa. Kundi la WhatsApp lipo na litakuwepo, ila desturi imeanza ya mtu kuandika "tafadhali dokezo jaladani" mjadala unapokuwa mzito, na aliyeianzisha ni Mkurugenzi.

Sehemu ya fedha ya reki haikutumika. Tumeomba ihamishiwe kwenye kufungua dirisha la masjala, kuongeza taa na kununua viti vya wasomaji, ili ofisa aweze kusoma jalada pale pale bila kuondoka nalo. Maombi yamepita kwenye kamati ya fedha.

Mama anastaafu Desemba. Kijana aliyekuwa akiandika maelezo yake ameteuliwa kushika nafasi hiyo, na wamekubaliana wataendelea kukaa pamoja kila mchana hadi siku ya mwisho. Jalada lake binafsi nimelikagua mwenyewe folio kwa folio, kila barua iko mahali pake. Ombi la kuwapeleka wahudumu wawili kusoma Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora, limeingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka ujao. Mmoja wao ni yule dereva aliyeletwa masjala kama adhabu, na ni yeye mwenyewe aliyeomba.